Kupanga watu wa kujitolea kwenye sherehe ya mji wenu: mwongozo wa mtu aliyebaki peke yake na viti 600

Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa shule ya msingi, bado giza, lori limeshusha viti mia sita vya plastiki limeondoka zake. Kwenye grupu la WhatsApp watu 163 walikuwa wameandika "tuko pamoja", wengine wakaongezea na mioyo ya kila rangi. Uwanjani tulikuwa wanne: mimi, mlinzi wa shule ambaye yupo pale kila siku kwa sababu ndo kazi yake, kijana wa spika kalala juu ya spika, na bibi mmoja aliyekuja kuulizia kama uji utakuwepo. Mtu mzima akijikaza anabeba viti vinne kwa safari moja, kwahiyo safari 150, tukigawana watatu (bibi tumwache apumzike) kila mmoja safari hamsini, na maturubai hata hayajafunguliwa.

Nililaumu watu mwezi mzima. Baadae ndo nikaelewa kosa lilikuwa langu. Mimi niliwaambia "karibuni tujitolee kwa mji wetu", na mtu ukimwambia hivyo anaelewa kwamba atakuja akipata nafasi, na asipoipata wapo wengine 162. Hajakudanganya. Mtu anatokea pale anapojua kazi yake ni ipi, anatakiwa saa ngapi, na nani atakuwa amesimama pale anamsubiri kwa jina lake. Basi. Tumefanya sherehe nyingine mbili tangu siku ile na kila kitu nitakachoandika hapa chini kinazunguka hapohapo.

Kwanza kabisa: mkubaliane mji una miaka mingapi

Utasema hii inahusiana nini na watu wa kujitolea. Inahusiana sana, subiri.

Mji wetu ni mmoja wa hii miji midogo ya njia ya reli ya Tanga kwenda Moshi. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kwahiyo sisi vijana wa kamati tukaona mambo rahisi, treni ilipofika ndo mji ulipozaliwa, tukatengeneza na bango kabisa. Wazee wakaliona. Mzee mmoja akatuita akatuuliza taratibu tu, "Wanangu, babu yangu kazikwa hapa kabla hao Wajerumani hawajaleta chuma chao, sasa yeye alizikwa wapi, hewani?" Tukakosa jibu. Na ana haki, maana Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipopanda milima ya Usambara mwaka 1848 kwenda kumwona mfalme Kimweri kule Vuga hakukuta msitu mtupu, alikuta ufalme una watu na masoko na njia zake. Ni kama Nairobi tu, inahesabiwa tangu reli ifike 1899 lakini jina lenyewe ni la Kimaasai, la maji baridi, sasa nani aliyaonja hayo maji akayapa jina kabla ya treni?

Tulichofanya: bango likabadilishwa, badala ya "miaka kadhaa ya mji" likasomeka "tangu treni ifike", alafu tukaweka saa nzima ya asubuhi kwa wazee wasimulie habari za kabla ya treni. Bango jipya lilitugharimu, lakini koo mbili zilizokuwa zimegoma kimyakimya, wiki iliyofuata ndo zilitupa ngoma na vijana kumi na sita wa kufunga maturubai. Ukiwakosea wazee kwenye tarehe hutasikia mtu anakupinga, watakwambia "sawa mwanangu" na siku ya siku hutamwona mjukuu wa mtu.

Kwahiyo miezi minne kabla, kabla ya grupu, kabla ya fulana, nenda kakae na wazee. Nenda na sukari kilo mbili. Usiende na karatasi, karatasi zinawafanya wadhani umeshaamua.

Tarehe

Hapa napita haraka. Epuka masika, Machi mpaka Mei, labda kama mna ukumbi. Angalia Ramadhani imeangukia wapi, inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, usipige hesabu ya mwaka jana. Ulizia halmashauri Mwenge wa Uhuru unapita lini wilayani kwenu, maana wiki ile magari, maafisa na maturubai yote ya wilaya yana kazi moja tu. Usigongane na siku ya gulio. Kama ni sehemu ya machungwa kama kwetu, msimu ukiwa umekolea vijana wote wenye nguvu wako mashambani wanapakia malori na wanalipwa, huwezi kushindana na hela kwa maneno matamu. Na angalia ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga hutampata mwanaume wa kukunja turubai jioni, nimeona kwa macho yangu.

Andika kazi kabla ya kuandika watu

Hili ndo kosa la kamati nyingi. Wanaanza kuandikisha majina, "tumeshapata watu themanini!", ukiwauliza themanini wa nini wanakwambia watasaidia saidia. Chukua daftari, keti na mtu mmoja aliyewahi kupika kwenye msiba mkubwa na mwingine aliyewahi kusimamia harusi, hao wawili wanajua kuliko mshauri yeyote, muipitie siku nzima tangu alfajiri mpaka usiku mkiuliza "saa hizi nani anafanya nini?"

Sisi kwa watu kama elfu mbili uwanjani hesabu ilikuja hivi: viti na maturubai 12, mageti 8, maji ya kunywa 6, vyoo na usafi 10, jikoni 10, magari na bodaboda 6, huduma ya kwanza 4, watoto waliopotea 2, mapokezi ya wageni 6, jukwaa na ngoma 4, na 8 wa akiba wasio na kazi maalum ila wakae sehemu moja wanayojulikana. Jumla 76. Sasa zipo kazi za kutwa nzima, mtu hawezi kusimama getini tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ukimlazimisha atakuchukia na ataondoka saa sita bila kuaga. Mageti, maji, vyoo na magari ni watu 30, hao unawatafutia wa kuwapokea, wengine 30. Tumefika 106, mbali na wa kufungasha jioni.

Alafu ongeza wa kukosekana. Kwa uzoefu wangu hata ukifanya kila kitu vizuri robo ya waliosema ndiyo hawatatokea, mtoto kaumwa, msiba umetokea, kapata kibarua. Kwahiyo kupata 106 unahitaji ndiyo za kweli kama 140. Wakija wote usiogope, kazi ya kumpa mtu wa ziada haijawahi kukosekana.

Kila kazi iandike kwa sentensi moja inayoeleweka na mtoto wa darasa la tano. Usiandike "kusimamia mazingira". Andika "kila nusu saa pita vyoo vya wanawake, jaza ndoo za maji, mwaga majivu, ukikuta tatizo mwambie fulani". Na shifti iwe masaa manne hivi, isizidi sita.

Kuwapata

Usitangaze. Yani tangaza mwishoni kabisa, baada ya kupata nusu. Tangazo la msikitini, kanisani na kwenye gari la matangazo linawajulisha watu kwamba sherehe ipo, halimleti mtu saa kumi na moja alfajiri. Mtu anafuatwa.

Na usimfuate mmoja mmoja kama unauza bima, fuata palipo na watu ambao tayari wanajua kufanya kazi pamoja. Kwaya wanajua kutunza muda kuliko mtu yeyote, wape mageti. Kijiwe cha bodaboda wana mwenyekiti na katibu wao na wanamheshimu, ongea na mwenyekiti tu, kazi ya magari imekwisha. VICOBA vya kina mama (vile vikundi vya kuweka na kukopa) wape chochote chenye hela au vitu vya kuhesabu, maana hawapotezi hata kijiko. Vijana wa madrasa, skauti, timu ya mpira ya mtaani (hao ndo viti na maturubai, lakini waone siku moja kabla, usiwape siku wana mechi). Kwa huduma ya kwanza ulizia tawi la Msalaba Mwekundu wilayani au manesi wastaafu, usimpe mtu gloves ukadhani amekuwa daktari. Sisi kwetu huku Tanga na kule Upareni wazee wanalo neno msaragambo, watu wanatoka kaya kwa kaya wanachimba mfereji au wanatengeneza barabara, kwahiyo kazi ya pamoja haijaanza na sisi, ukiwaambia wazee "ni msaragambo" wanakuelewa kuliko ukiwaambia "volantia".

Namna ya kuomba ina maana. Nilikuwa nasema, "Mama tunaomba utusaidie kwenye sherehe." Jibu: "Sawa mwanangu, Mungu akipenda." Hiyo "Mungu akipenda" kila mtu anajua maana yake. Siku hizi naenda kwa mama wa chapati pale stendi, nasubiri wateja wapungue, nakaa kwenye lile benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, leo umekuja na njaa au na maneno?"

"Na maneno mama. Jumamosi ya tarehe ile nataka wewe ndo usimame kwenye maji, pale chini ya mwembe, saa mbili mpaka saa sita mchana. Ndoo zitakuwepo zimejaa, kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayechota kwa kikombe kichafu. Saa sita dada wa duka la vitenge anakupokea, unaenda kula."

"Kwanini mimi?"

"Kwasababu hapa stendi nimeona hakuna anayekugombeza."

Akacheka. Alikuja saa moja na nusu, na sufuria yake mwenyewe ya kuchemshia. Angalia nilichompa: mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mtu wa kumpokea na sababu kwanini ni yeye. Na mpe nafasi ya kukataa bila aibu, mwambie "kama haiwezekani niambie leo mama, sitakasirika". Hapana ya leo ni zawadi kubwa kuliko ndiyo ya uongo.

Wenyeviti wa vitongoji wapitie mapema, watakupa majina, lakini usiwaachie wao kuandikisha. Ukiwaachia unaletewa orodha nzuri ina majina hamsini yenye mwandiko mmoja.

Wakuu wa vikosi

Wewe huwezi kuongoza watu mia. Huwezi, acha. Kila kikosi kiwe na mkuu mmoja na msaidizi wake, na mkuu asiwe na watu zaidi ya kumi hivi. Wewe unawajua wakuu, wakuu wanawajua watu wao kwa jina na sura.

Usimchague mwenye kelele. Mkuu mzuri ni yule ambaye ukimtuma ndimu anarudi na ndimu na chenji. Na usimpe mtu ukuu kwa sababu ya cheo chake, tulimpa bwana mmoja mwenye heshima zake kikosi cha usafi, yeye siku nzima alikuwa viti vya mbele na wageni, vyoo vikaongozwa na binti wa kidato cha tatu ambaye hakuna aliyemchagua. Mwaka uliofuata tulimkabidhi binti kikosi rasmi.

Daftari na simu

Daftari moja kubwa la kaunta, safu nne: jina, simu, kazi, saa. Lisitembee. Ukiwa na mtu wa kompyuta atengeneze na nakala lakini daftari ndo mama, umeme ukikatika daftari halizimi. Namba za watu usizirushe kwenye magrupu, kuna dada alisumbuliwa na wanaume wawili wiki nzima kwa sababu tulibandika orodha ukutani na namba zake.

Grupu la WhatsApp moja la wakuu tu, watu ishirini, na liwe la kazi, dua na video za vichekesho zina magrupu yake. Wengine wote wafikiwe na mkuu wao kwa kupigiwa. Nusu ya watu wetu wazuri wana simu za tochi, ukitegemea WhatsApp umewakata bila kujua.

Meseji ya kukumbusha nenda nayo hivi, siku tatu kabla na jioni ya siku moja kabla: "Kaka habari za jioni, Jumamosi uko geti la upande wa reli saa 2 kamili asubuhi mpaka saa 6 mchana. Kiongozi wako ni mama wa kwaya, atakuwa na kitambaa cha njano. Chai ipo kuanzia saa 1. Nijibu NDIYO au SIWEZI." Asiyejibu mpaka saa tatu usiku apigiwe. Asiyepokea muhesabu hayupo, chukua mtu wa akiba. Usilale ukimtumainia.

Pesa, na hili neno posho

Hapa lazima tukae kidogo maana hapa ndo sherehe nyingi zinavunjikia.

Watu watakuuliza, wengine kwa mdomo wengine kwa macho: kuna posho? Jibu lolote linafaa ilimradi liwe moja kwa wote na lisemwe mwanzo. Mwaka wetu wa kwanza kikundi kimoja, sitakitaja, kilipewa elfu kumi kumi kwa siri na mjumbe wa kamati aliyekuwa anawahitaji sana. Siri kwenye mji mdogo ina umri wa nusu saa. Saa tano asubuhi wale wa maji walikuwa wamejua, saa sita mwembeni pamebaki ndoo tupu. Hawakuwa wanataka ile elfu kumi, wengi wao wana maduka yao. Walichoona ni kwamba jasho la wengine lina bei na la kwao ni la bure.

Msimamo wetu sasa: hakuna posho kwa mtu yeyote, hata mwenyekiti wa kamati, ila hakuna mtu anatumia hela yake kuja kujitolea. Anayetoka mbali nauli ya bodaboda inalipwa, mkuu wa kikosi anarudishiwa vocha, chai na chakula vipo na ni vya kwanza. Wanaolipwa ni mafundi tu, spika, jenereta, turubai, dereva wa lori, na wanajulikana.

Chakula usifanye utani. Vitabuni wanasema kilo ya mchele watu nane, hao ni wageni wa harusini wenye viatu vya visigino. Aliyebeba viti tangu alfajiri mpigie kilo kwa watu watano, kwa watu 106 ni kama kilo 21, weka 25 maana na watoto wao watakuwepo. Na wapelekewe walipo. Ukiwaambia waje wapange foleni na wageni, watakuta nyama imekwisha wamebaki na mchuzi, na mtu aliyepewa mchuzi mtupu kwenye sherehe aliyoitolea jasho mwakani hutampata hata umbebe. Maji weka lita mbili kwa kila mtu wako kwa kutwa, kwa mia moja ni ndoo kumi za lita ishirini, mbali na yale ya wageni.

Fulana ni hela nyingi na zinafika zikiwa za saizi moja. Nunua vitambaa rangi tofauti mita chache, fundi cherehani akate utepe wa kufunga mkononi, njano mageti, bluu maji, nyekundu huduma ya kwanza. Ukiwa umesimama jukwaani unaona kabisa upande gani hauna njano. Bajeti ikiruhusu fulana wapeni baada ya kazi kama asante.

Mhasibu awe mmoja, mwenye kuidhinisha awe mwingine, kila kinachotoka kiandikwe siku hiyohiyo, na mahesabu yabandikwe ukutani stendi wiki moja baada ya sherehe. Michango ipokelewe namba moja tu ya simu, yenye jina ambalo watu wanalijua.

Vibali na usalama

Kwa Tanzania taarifa ya maandishi inatakiwa ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, lakini wewe usingoje saa 48, peleka wiki tatu kabla upate na muda wa kujibiwa na kurekebisha. Walioko Kenya sheria yao inasema siku 3 mpaka 14 kabla, kwahiyo huko ukiwahi sana nako ni kosa. Mtendaji wa kata, mwalimu mkuu mwenye uwanja na kituo cha afya wapate barua pia, na nakala zilizogongwa muhuri zikae kwenye mfuko wa mtu mmoja ambaye hatatoka uwanjani. Namba ya zimamoto 114 na polisi 112 wakuu wote waandike kwenye simu mapema, pamoja na namba ya gari la kubeba mgonjwa. Gari lenyewe msiwaze ambulansi tu, Noah ya mtu iliyojazwa mafuta na dereva asiyekunywa siku hiyo imewahi kutuokoa.

Acheni njia moja ya kutokea isiyokaliwa na muuza miwa. Simamieni hilo kwa nguvu.

Watoto waliopotea: mkeka, kivuli, kina mama wawili wanaojulikana na mji mzima, maji na biskuti. Mtoto akiletwa usitangaze kwenye maiki jina lake wala nguo alizovaa, maana yeyote akisikia anaweza kuja kusema ni wake. Tangaza tu kwamba anayetafuta mtoto aende kwenye mkeka, yeye ndo aeleze mtoto wake anaitwaje na kavaa nini, na mtoto aonekane kumfahamu. Wanafunzi wanaojitolea wawe na ruhusa ya mzazi, wawe wawili wawili, saa kumi na mbili jioni warudi nyumbani hata kama muziki ndo unaanza kukolea.

Siku moja kabla tembeeni uwanja

Wakuu wote, saa kumi jioni, saa moja tu. Usifanye semina. Kila mkuu asimame pale watu wake watakaposimama na aseme kwa sauti kazi yao. Hapo ndo utagundua kwamba geti la pili lina kufuli na mwenye ufunguo yuko Tanga mjini, bomba la karibu halitoi maji, na wakuu wawili kila mmoja anadhani mwenzake ndo analeta kamba. Tukagundua siku hiyo pia kwamba waya wa jenereta ungepita katikati ya njia ya ngoma, na vyoo ni nusu kwa nusu wakati foleni ya wanawake siku zote ni ndefu mara mbili, tukawapa kina mama matundu mengi zaidi na tukabandika karatasi.

Viti vishushwe jioni hiyo kama kuna mlinzi. Mlinzi halafu na mlinzi wa mlinzi.

Siku yenyewe

Wewe usishike kazi yoyote. Najua itakuuma kuona vijana wanafunga turubai kinyume, tembea tu, mikono nyuma, simu imejaa chaji. Ukianza kubeba viti hakuna atakayejua wewe uko wapi pale mama wa jikoni akiishiwa kuni. Kaeni na kituo kimoja, meza moja na mwavuli, watu waripoti hapo wakifika, jina linawekewa tiki mbele yao. Hiyo tiki ina nguvu kuliko unavyodhani, mtu anaiangalia mpaka iandikwe.

Mgeni rasmi atachelewa. Siombei mabaya, nasema ratiba ipangwe hivyo. Tuliandika saa nne, alifika saa nane kasoro, na watoto wa gwaride walikuwa wamepangwa juani tangu saa tatu na nusu mpaka wawili wakaanguka. Siku hizi gwaride linakaa kivulini, kuna kijana wa bodaboda kule njia panda anapiga simu msafara ukipita, ndo watoto wanapangwa, dakika kumi zinatosha. Mambo mengine, wazee, ngoma, mashindano ya kufukuza kuku, yanaendelea bila kumsubiri mtu.

Saa ya kubadilishana shifti ndo saa ya hatari. Wa kwanza asiondoke mpaka wa pili amefika na amekabidhiwa utepe mkononi. Asipofika mkuu anachukua wa akiba, mwenye zamu anaenda kula bila kubembelezwa abaki. Ukimbakisha mtu "dakika tano tu" umemvunjia ahadi, na ahadi ya saa ya kuondoka ni kubwa kama ile ya saa ya kuja.

Jioni na kesho yake

Kikosi cha kufungasha kiwe watu wengine kabisa, walale mchana, waje saa kumi na moja jioni wakiwa wapya. Usiwategemee wa asubuhi, wamekufa. Takataka zikusanywe kwenye viroba vya sandarusi vilivyoisha unga au sukari, omba dukani mapema wiki mbili, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na si vizuri sherehe ya mji ndo iwe ya kwanza kuileta. Viti vihesabiwe vikipanda lorini, wahesabu wawili, kila mmoja kivyake, maana kinachopotea mnalipa.

Shukrani mtu apewe ndani ya siku tatu na iwe ya kwake, "asante mama kwa ile sufuria uliyokuja nayo", si "tunawashukuru wote". Wiki ya pili wakuu wakae, chai na maandazi, kila mmoja aseme kitu kimoja kilichomkera, kiandikwe kwenye daftari lilelile kurasa za nyuma. Daftari tunamwachia yule binti wa vyoo siku hizi.

Mwaka jana tulihesabu viti 597. Wahesabu wawili, namba moja. Tukatafuta shuleni, jikoni, kwenye mitaro, tukaanza hata kumshuku dereva wa lori. Jumatatu napita kijiwe cha bao nyuma ya stesheni nakuta wazee watatu wamekaa juu ya vitatu vyeupe vipya, kete zinagonga. Nikatoa shikamoo, nikavitazama viti, wakaniona navitazama. Mzee wa katikati akasogeza kete yake bila haraka. "Marahaba mwanangu. Si ulisema kila mtu apewe kazi yake? Sisi tulijipa ya kuvilinda."